Viatu Vilivyozidi Vidole Viwili

Mdogo wangu,

Basi tangu uliponiambia kwamba mkamwana wako kafunga begi, kamshika mtoto mkono, kaenda zake kwao, na wewe ukasimama mlangoni usimwambie hata kwaheri, mimi chakula hakinishuki. Nikajisemea, hili si la simu. Hili ni la barua, tena barua ndefu, uisome umekaa. Kwa hiyo kaa. Vua miwani uifute, maana naijua haijafutwa tangu juzi ya juzi, halafu uivae uendelee.

Haya, salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. U mzima? Mgongo je? Na ule mguu unaokufa ganzi asubuhi, bado unakufa au siku hizi unafufuka? Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Magoti yanalia kama bawaba za mlango wa bafuni lakini yananifikisha. Paka yupo, kanenepa kuliko mimi. Yule jirani mwenye kuku kahama na kuku wake wote, nimepumzika.

Anayekuandikia ni Mama Taipu. Humjui, nikujulishe. Anakaa chumba cha tatu kutoka changu, kastaafu, alikuwa mpiga taipu mahakamani miaka ishirini na nane, na mashine yake kahama nayo, nzito kama mtoto aliyelala. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asinirembeshe. Kanijibu yeye hajawahi kumrembesha mtu, huko mahakamani shahidi akikohoa anaandika shahidi kakohoa. Huyu mwanamke ni kaburi, mdogo wangu. Miaka sita nakaa naye sijamsikia hata siku moja akisema fulani alishtakiwa kwa hili, fulani aliachwa kwa lile, na yote kayapiga kwa vidole vyake mwenyewe. Na ana utaratibu wake. Nikimaliza fungu moja anasimama, ananisomea, ananiuliza, ndivyo? Nikisema ndivyo, anaendelea. Nikisema sivyo, anachomoa karatasi anaanza upya. Mwanzo aliniudhi, nikamwambia mama wewe, tutafika lini? Sasa nimeelewa kwa nini anafanya hivyo, na wewe utaelewa mbele.

Utaniuliza, simu imekufa? Haikufa. Simu nimeitia kwenye soksi, soksi nimeitia kwenye sufuria, sufuria nimeifunika, na juu ya kifuniko nimeweka ile pasi yangu ya mkaa. Mama Taipu kacheka mpaka kashika ubavu, kaniuliza nadhani itatoka itembee? Nikamwambia imeshatembea, tena imefika mbali kuliko miguu yangu.

Nianzie wapi? Nianzie kwenye redio.

Ule Mchezo wa Saa Nane unaujua. Hata wewe unausikiliza, ingawa ukiulizwa unasema unangoja taarifa ya habari. Ule wa Mjane na shemeji zake na yule wifi mwenye kisirani. Mimi niliuanza kule hospitali nilikokuwa napiga pasi, kwenye chumba cha kufulia. Tulikuwa wanawake saba na meza saba, mashuka ya kijani yenye namba pembeni, mvuke mpaka humwoni mwenzio, na redio moja juu ya rafu ya sabuni. Ikifika saa nane hakuna anayepiga chafya. Msimamizi wetu alikuwa anajifanya kaja kuhesabu mashuka, shuka moja analihesabu nusu saa nzima. Siku Mjane aliponyang'anywa funguo, tulilia sote saba, wagonjwa wa wodi ya juu wakadhani kuna msiba.

Nilipostaafu, meza ikabaki, wale sita wakabaki, nikaja na redio yangu. Mume wangu alikuwa keshatangulia. Sasa wewe fikiria. Mjane anatukanwa, unageuka umwambie mtu jamani umesikia hilo? Unamkuta paka. Paka anajilamba.

Ndipo yule sista wa wodi ya wazee, ambaye mpaka leo ananiletea sare zake nimpigie pasi, akaniambia kwamba mashabiki wa mchezo wana mahali pao mtandaoni, panaitwa Jamvi, watu wanakaa humo kutwa wanauchambua mchezo. Nikamwambia mwanangu, mimi herufi siijui hata ikinikanyaga. Akasema si lazima kuandika, unabonyeza hapa unasema, wenzio wanakusikia, nao wakisema unabonyeza unawasikia. Akaniingiza. Kukawa na mambo ya kujaza, jina, mji, siku ya kuzaliwa. Nikamweleza nilizaliwa mwaka ule wa mafuriko, siku ya pili baada ya mbuzi wa babu kuzama. Sista akasema simu haiwajui mbuzi wa babu, akaandika tarehe mosi mwezi wa kwanza. Basi kila mwaka tarehe hiyo watu wananiimbia siku ambayo sikuzaliwa, na mimi nashukuru. Jina wakanipa Bibi Pasi.

Nisikufiche, mdogo wangu, nilipendwa. Nikisema wifi huyu mwisho wake mbaya, watu mia wanasema Bibi Pasi kanena. Nikikosa siku mbili wananiulizia. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, hawezi kulala mpaka asikie maoni yangu. Na mwenyewe aliyelianzisha, wanamwita Mwenye Jamvi, sauti yake laini kama kitambaa kilichotiwa wanga kidogo, si sana, alikuwa ananiita Bibi yetu. Bibi yetu umeamkaje. Bibi yetu tunakutegemea.

Jamvi lilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na Sebule, humo anaingia kila mpita njia. Na kulikuwa na Chumba cha Ndani, cha wale wa zamani, wanaoaminiana. Huko ndiko watu walikuwa wanasema ya kwao. Mjane akilia kwenye mchezo, mwanamke anasema na mimi yalinipata, anayasimulia. Wanaume pia, usicheke, wanaume ndio waliolia zaidi. Na mlangoni, kila ukiingia, Mwenye Jamvi kaweka sauti yake inasema yanayosemwa Chumba cha Ndani yanalala Chumba cha Ndani. Mimi hilo nililiamini kama ninavyoamini kwamba maji ya moto yanaunguza.

Ingawa kulikuwa na dalili, ila macho ya kuziona sikuwa nayo. Siku moja humo ndani niliyalalamikia magoti yangu. Kesho yake nafungua simu, sauti inatoka inanitangazia dawa ya magoti. Kesho kutwa tena, dawa ya magoti. Unajua mimi nilisemaje? Nilisema hawa watu wana huruma jamani, wameyakumbuka magoti yangu. Nikashukuru! Mama Taipu hapa anatikisa kichwa. Tikisa, lakini andika.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Nilikuwa napiga pasi shati jeupe la yule karani wa benki wa ghorofani, anayetaka kola isimame kama ukuta. Saa nane ikagonga, mchezo ukaanza. Akatokea mwanamke mpya, jirani yake Mjane. Mumewe alikwenda kazini mbali, akapata mwanamke mwingine huko, akanyamaza. Yule mama akakaa mezani, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Mkono wangu ukasimama. Akaanza kumwandikia mwanawe barua, kama vile inatoka kwa baba yake. Nikasema moyoni, wanawake wengi wameachwa, dunia ni pana. Ukafika mwisho wa mwaka, yule mama akaingia dukani kununua viatu, akamwambia muuzaji nipe vinavyozidi vidole viwili. Muuzaji akamwambia mama, vitampwaya. Naye akasema baba aliye mbali hajui mguu wa mwanawe umefika wapi.

Mdogo wangu, nilisikia harufu ya kitu kinaungua nikadhani ni roho yangu. Kumbe shati. Miaka thelathini na mbili kwenye meza ya pasi sijaunguza nguo ya mtu, siku hiyo nikaacha alama ya pasi mgongoni mwa karani, kamili, mpaka na ncha.

Halafu wakasoma ile barua. Wakasema kwenye redio, nchi nzima inasikia, viatu vikizidi mwanangu usivililie, vinakungoja ukue.

Hayo ni maneno yako. Ya barua ya mwaka wa tatu. Ulinisomea wewe mwenyewe, siku uliyonitembelea, umekaa kitandani kwangu, kabla hatujaifunga. Miaka tisa ulikuwa unaniletea bahasha ndani ya bahasha, na mimi nikitoka zamu napita posta ya karibu na hospitali nazirudisha huko kwako, ili muhuri uwe wa mbali. Tulikuwa watu wawili tuliojua, wewe na mimi. Shemeji mwenyewe, huyo mumeo, alikufa hajui kwamba alikuwa baba mwema.

Na Mwalimu alikuwa anasikiliza. Mwanao huyo, mtu mzima, mkuu wa shule, barua zote kaziweka kwenye kopo la biskuti, na mwanawe kampa jina la baba yake. Ulinisimulia ulivyomwona amesimama mbele yako, uso hauna damu, anakuuliza mama, vile viatu vyangu vilitoka wapi? Na wewe badala ya kumjibu ukauliza nani kakwambia. Ukaanza kumtafuta mtu. Ukamkumbuka mkamwana wako alivyolifungua sanduku lako kuanika nguo, akaziona zile karatasi ulizojifunzia mkono wa kushoto, akazirudisha akanyamaza. Na kazi yake ni kwenye duka la simu. Ukasema basi, ndiye, nani mwingine? Ukampigia kelele mbele ya mwanawe, ukamwambia kaiuza nyumba yako redioni. Akaapa hakusema neno. Hukumwamini. Mwalimu akawa katikati kama nguo kwenye kamba, huku anavutwa na huku anavutwa. Ndipo likaja hilo la begi.

Mama Taipu kasimama hapa kanisomea. Nimemwambia ndivyo. Nimekunywa maji. Tuendelee.

Siku tatu sikulala sawasawa. Ya nne nikamfuata Mama Taipu, nikamwambia nina neno la kumuuliza Mwenye Jamvi uso kwa uso, na mimi sitaki kwenda peke yangu kwa watu wanaosoma. Hakuniuliza neno gani. Akavaa viatu vyake vyeusi vya kazi, akachukua mkoba, tukaenda. Sista alitutafutia mahali penyewe. Ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, ngazi hazina pa kushika. Nimepanda zile ngazi nahesabu kila daraja kwa goti langu.

Nilidhani nitakuta kijana atasimama, atasema Bibi yetu! Nilikuwa nimevaa kanga yangu mpya kabisa, usicheke. Nikakuta chumba kina meza nne, vijana wana vitu masikioni, na mmoja kule mwisho, ile sauti yenyewe, laini. Nikamwambia mimi ni Bibi Pasi. Akanitazama kama anayetazama mlango. Akaniuliza nina namba ya uanachama? Namba! Nikamwambia ndiye Bibi yako, Bibi yetu. Akatabasamu akasema bibi tulionao ni wengi, nipe namba ya simu nikutafute humu. Pale ndipo nilipojua mimi ni nani kwake. Ni shuka la kijani, lina namba pembeni.

Akanipata kwenye kioo cha kompyuta yake. Nikamuuliza neno langu. Nilimuuliza watu wa redio wameyatoa wapi yale ya viatu. Hakuona haya hata kidogo. Akasema ooh, ile! Akasema watunzi wa mchezo ni washirika wao, wanapewa visa kutoka Jamvini, mchezo unapata uhai, na kile kisa kimependwa kuliko vyote mwaka huu, nifurahi. Halafu, ili anionyeshe kwamba hajanidhulumu, akagusa kitu.

Ikatoka sauti yangu.

Mdogo wangu, sijawahi kujisikia nikisema nikiwa nimenyamaza. Kicheko changu, kikohozi changu, na ile tabia yangu ya kusema wallahi mara mbili. Na ile sauti ilikuwa inasema nina mdogo wangu, huyo si mwanamke, ni jeshi. Ilikuwa inasema mkono wa kushoto. Ilikuwa inasema vidole viwili.

Nitalirudia hilo, usidhani nalikimbia. Acha kwanza nimalize ya pale ofisini, maana nikiacha hapa sitaweza tena.

Nikamwambia kijana, mlisema yanayosemwa ndani yanalala ndani. Akasema hiyo ilikuwa zamani, masharti yalibadilika mwezi wa tano mwaka jana, na wewe bibi ulikubali. Akageuza kioo akanionyesha alama ya vema na tarehe na saa. Saa nane na dakika mbili mchana. Nikaikumbuka siku hiyo! Ni ile siku wifi alimpa Mjane kikombe cha chai chenye mashaka, redio yangu haina betri, nikakimbilia kwenye simu kuwauliza wenzangu kanywa au hakunywa? Simu ikagoma kufunguka. Kukaja maandishi mengi na kidude cha njano chini. Nikakigusa mara tatu. Mimi nilidhani nabisha hodi, kumbe natia dole gumba.

Nimeishi kwa dole gumba maisha yangu yote, wewe unajua. Kliniki dole, mshahara dole, siku ya kumzika mume wangu dole. Sikuwahi kulionea haya mpaka siku ile.

Mama Taipu muda wote alikuwa kakumbatia mkoba. Akamuuliza kijana swali moja. Akamuuliza, nani alimsomea? Kijana akasema vipi? Akamwambia kule nilikofanya kazi mimi, mtu asiyesoma akitoa maelezo, yanasomwa kwanza kwa lugha anayoielewa, anaulizwa ndivyo au sivyo, ndipo anaweka dole. Dole bila kusomewa ni uchafu kwenye karatasi, hakimu anaitupa. Sasa nani alimsomea huyu mama? Kijana akacheka kidogo, si kicheko kibaya, akasema mama, tuna watu elfu arobaini humu, hatuwezi kumsomea kila mmoja. Mama Taipu akamwambia mbona kila mmoja mliweza kumsikiliza?

Wale vijana wengine wakatoa vitu masikioni.

Akatafuta pa kutokea. Akasema jina langu hawakulitaja, wala lako, wala mji, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Nikamwambia mwanangu, mtu hutambulikana kwa jina peke yake? Mtu hutambulikana kwa viatu vyake. Kuna mwanamume mmoja katika dunia nzima aliyetia karatasi kwenye ncha za viatu vyake miaka tisa, na alikuwa anasikiliza. Akasema basi anaweza kuifuta sauti yangu, sasa hivi, mbele yangu. Nikamuuliza atafuta na redio? Atafuta na masikio ya yule mtu? Halafu, ati, akasema wanatafuta shabiki bora wa mwaka, wangependa picha yangu. Mama Taipu akanishika mkono tukatoka. Kwenye ngazi akasema kitu kimoja tu, akasema huyo kijana si mwizi, mwizi huwa anajua kaiba.

Nimemwambia asikiandike hicho, kakiandika.

Sasa limebaki langu. Mama Taipu, vuta kiti, tia karatasi nyingine.

Mdogo wangu, ni mimi. Hakusema mkamwana wako. Ni mimi niliyesema, kwa kinywa changu hiki, na hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa usiku ule wa mvua kabla ya sikukuu za mwaka jana, mle Chumba cha Ndani binti mmoja alikuwa analia, anasema baba yake hajawahi kumwandikia hata mstari mmoja, yeye ni mtu wa thamani gani basi? Watu wakampoza kwa maneno matupu. Mimi nikaona nina kitu cha kumpa. Nikamwambia, binti, barua za baba si lazima zitoke kwa baba. Nikamsimulia. Nilitaka ajue kwamba pengine yupo mtu aliyempenda kwa mkono wa kushoto na yeye hajui. Na nilitaka watu wajue nina mdogo wa namna gani, maana miaka yote hiyo nimekuona unamsifu mbele ya mwanawe mwanamume aliyekutupa, na hakuna anayekusifu wewe. Nilikuwa nakusifu, mdogo wangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Lakini Mama Taipu keshaniuliza mara mbili ndivyo, na ya pili sikuweza kusema ndivyo. Kwa hiyo niseme yote. Walipolia watu mia mbili, niliona raha. Binti alishanyamaza, na mimi nikaendelea. Nikaongeza ile ya posta, nikaongeza maneno ya barua, neno kwa neno, kwa sababu walikuwa wanasema endelea Bibi Pasi. Siri haikuwa yangu kuitoa. Wewe ndiye uliyenipa niishike, na kunipa niishike si kunipa. Kijana wa juu ya magodoro hakuniuliza, na mimi sikukuuliza wewe. Nimekaa hapa wiki nzima namlaani, na kila nikimlaani laana inazunguka inarudi kukaa kitini kwangu.

Na kuna baya kuliko hilo. Uliponipigia unalia, unasema ni mkamwana wako, mimi nilikuwa nimeshasikia mchezo. Nilikuwa nimeshaunguza shati. Moyoni nilikuwa najua siri ilikovujia. Na nilisema nini? Nilisema mtoto wa watu ni mtoto wa watu. Hivyo tu. Nikasikia umepumua, umepata nguvu, ukaenda kumfokea. Begi lile alilifunga yeye, lakini zipu nimeivuta mimi. Mwanamke aliyeziona karatasi zako akazirudisha akanyamaza miaka minne, huyo ndiye aliyeishika siri yako kuliko dada yako. Mfuate. Usimtume mtu, nenda mwenyewe na huo mguu wako. Mwambie dada yangu, mkweo, bibi yule, vyovyote utakavyonitaja kwake, ndiye aliyesema. Jina langu sema lote, mimi ninakuruhusu.

La Mwalimu sikufundishi. Ni lako. Ukitaka kumwambia ndiyo mwanangu ni mimi, ukitaka kunyamaza, mimi sitafungua kinywa tena, hata akinishikia kisu. Ila nilipokuwa nakupelekea barua zile posta, zote zilikuwa za uongo, na kila moja ilikuwa na upendo. Hii ni ya kwanza ninayoituma mwenyewe, na ya kweli. Upendo umo, utafute, nimeukunja ndani.

Wasalimie jirani zako wa pande zote mbili. Huo mgongo uukande kwa maji ya moto, na usinyanyue ndoo. Ukinikasirikia, kasirika, lakini kula. Na ukiona huwezi kunijibu mwaka huu, nitakungoja, kama vile viatu.

Mama Taipu kanisomea yote toka salamu mpaka hapa. Nimesikiliza macho wazi. Kaniuliza ndivyo? Nimesema ndivyo. Kaniuliza nitie dole? Nimesema tia wino. Dole langu ni hili hapa chini, la mkono wa kushoto nimelichagua makusudi.

Dada yako.

Ngoja, Mama Taipu, nani huyo getini? Mbona anaita Mama Mkubwa? Mimi mtu wa kuniita Mama Mkubwa ni mmoja tu duniani. Hebu chungulia dirishani wewe mwenye macho. Ana nini kwapani? Kopo? Kopo la biskuti?

Mdogo wangu, ni Mwalimu. Kaja mwenyewe. Huyu anaendelea kupiga taipu tu jamani, haya, piga. Nitamwambia langu, kwamba mke wake hana kosa, kwamba aliyesema ni mimi. Akiniuliza la viatu, nitamwambia hilo ni la mama yako, kamuulize, na ukimuuliza mshike mkono kwanza, ule wa kushoto. Zaidi ya hapo hanitoi neno. Naja, mwanangu, naja, magoti haya, usiondoke